Mtoto wa Mti

Nakumbuka alasiri moja ya Masaki, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho inarudi yenyewe bila kuitwa. Siyo Masaki ile ya mjini yenye maghorofa. Nasema Masaki yetu ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani kwenye chumba cha nyuma cha bibi yangu mzaa mama. Kidirisha kilizibwa kwa kanga, na jua lilipoipenya ile kanga, chumba kizima kiligeuka rangi ya chungwa, kuta, mkeka, hata mikono yangu. Nje nawasikia wenzangu wanacheza rede, wanagombana, wanacheka. Mimi nimemaliza darasa la saba, najiona msomi, na mapajani nimelaziwa kipande cha mti.

Ngoja nikueleze, maana wewe umezaliwa simu zimeshajaa. Kwetu Wazaramo, binti akivunja ungo aliwekwa ndani, akapewa kungwi wa kumfunda, akapewa na mtoto wa mti. Wengine humwita mwana hiti. Urefu wake unazidi kiganja kidogo tu. Kiwiliwili mviringo, hana mikono wala miguu, na kichwani ana vishungi viwili vilivyochongwa vizuri mno. Aliyemchonga hata jina lake hatukuachiwa. Basi huyo ndiye mwanao. Unamwogesha, unampaka mafuta ya nyonyo, unamfunga kitambaa, unamlaza, unamwimbia. Mimi nikaona kichekesho kitupu.

Kungwi wangu alikuwa Bi Mwanahawa, mdogo wake bibi. Mfupi, ugoro mdomoni, maneno makali. Alikaa mlangoni akisuka ukili wa mkeka huku akinisikiliza nikimwimbia yule mtoto. Nami niliimba mbiombio ili nimalize, labda nitaruhusiwa kuchungulia dirishani.

"Umemshika kama kuni," akasema, bila hata kugeuza kichwa.

"Bibi, kwani huyu si mti?"

Akauweka ukili chini. Nikajua nimeyatafuta. "Mti ni yeye. Mikono ni yako. Mimi naifunda hiyo mikono. Huyo wala hana haja na mimi." Kisha akaniambia nianze upya.

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi. Nyamaza nikubebe, jua liko kilimani; mihogo iko jikoni, baba yuko njiani; na mimi niko hapa. Basi, ndio huo. Lakini kabla ya ule mstari wa mwisho Bi Mwanahawa alitaka ninyamaze, nivute pumzi, niishushe taratibu, ndipo nimalizie. Mimi nilipita hapo kama mtu anayeruka dimbwi.

"Unakimbilia wapi?" akauliza. "Mtoto hajui maneno yako. Anasikiliza kifua. Kikitulia, na yeye anatulia."

Tukarudia. Alasiri ile, na nyingine, na nyingine, mpaka nikaacha kuzihesabu. Harufu ya mafuta ya nyonyo, mwanga ule wa chungwa, sauti za rede zikija kwa mbali na kupotea. Ule mti ulipata joto la mapaja yangu, ukawa laini mkononi. Na siku moja, usinicheke, nilinyamaza pale pa kunyamaza nikahisi kama kuna mwingine naye anavuta pumzi humo chumbani. Nilimkumbatia vizuri. Bi Mwanahawa aliendelea kusuka, na mimi nikajua nimefaulu mtihani ambao shuleni hawakuwa nao.

Nilipoolewa, bibi alinikabidhi yule mtoto. Nikahamia naye Kibaha, mume wangu akiwa mtumishi wa serikali, na nikamzaa Rehema. Rehema hakuwekwa ndani. Alisoma bweni, akaenda chuo, akaolewa na Daudi, kijana mpole wa Mwanza anayefanya kazi Dar. Sikumlazimisha mambo ya zamani. Mtoto wa mti akabaki juu ya kabati, anakula vumbi, na wageni wanauliza kama ni pambo.

Masika iliyopita Rehema alikuja kujifungulia kwangu. Akajifungua salama, mtoto wa kike, mzuri. Tuliporudi nyumbani kutoka hospitali, akageukia ukutani. Nilimweka mtoto kwenye titi la mama yake kwa mikono yangu, na kwa mikono yangu nikamtoa. Yeye mwenyewe hakumshika.

"Mama, siwezi," alikuwa akiniambia kwa sauti ndogo. "Nitamwangusha. Huyu anahitaji mama wa kweli."

Niliumia, mwanangu. Niliumia sana. Daudi alirudi kila jioni kutoka Dar, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla hajavua viatu anasimama mlangoni: "Shikamoo, mama. Amemshika leo?" Nami namjibu, "Marahaba. Bado, baba." Anatikisa kichwa, anaenda kunawa. Kliniki tulikwenda. Muuguzi alituambia ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na unatibika, na tukawa tunarudi kila tulipoambiwa. Hilo ulishike, usije ukasema kuna bibi wa Kibaha alikwambia wimbo unashinda hospitali.

Ila siku moja alasiri, mtoto analia begani kwangu, mama yake amelala macho wazi, jua likapita kwenye pazia. Chumba kikawa rangi ya chungwa. Nilisimama katikati ya chumba kama niliyesahau nilichofuata, nusu niko Kibaha, nusu niko Masaki. Macho yakanipeleka juu ya kabati.

Nikamteremsha kwa mkono mmoja. Nikamfuta vumbi kwa kanga, nikampaka mafuta ya nazi, maana ya nyonyo sikuwa nayo, nikampelekea Rehema.

"Shika huyu," nikamwambia. "Huyu hata ukimwangusha haumii."

Akanitazama kama anayejiuliza mama yake amechanganyikiwa lini. Kisha akacheka. Kidogo tu, puani, lakini tangu ajifungue sikuwa nimemsikia. Akakaa kitako, akampokea. Na ungemwona alivyomshika! Kama kuni. Nilijikaza nisicheke, maana nilimwona Bi Mwanahawa amekaa pale mlangoni na ukili wake.

Nikaanza kuimba, mtoto wa damu begani kwangu, mtoto wa mti mikononi mwa mwanangu. Jua liko kilimani. Baba yuko njiani. Nikafika pale pa kunyamaza, nikanyamaza. Siku hizi pumzi yangu inachelewa kurudi, uzee huo. Nikawa bado naisubiri, nikasikia sauti imepasuka, ya chini, ya mtu asiyeimba siku nyingi.

"Na mimi niko hapa."

Ni Rehema. Akajishika mdomo. Machozi yakamtoka. "Mama, huu wimbo nimeujulia wapi?"

"Kifuani kwangu," nikamwambia. "Hukuwa hata na meno."

Alikaa hivyo kitambo, akimtazama yule mtoto wa mti. Nikaona vidole vyake vimelegea, mkono umejikunja wenyewe chini ya kichwa chenye vishungi. Kisha akamlaza juu ya mto wa kitandani, akamfunika kwa pembe ya kanga, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Akanyoosha mikono.

"Nipe mwanangu."

Jioni Daudi alisimama mlangoni na viatu vyake. Safari hii hakuuliza.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Nyimbo, ngoma, vinyago, mashairi, hata hiyo miziki yako ya kuziba masikio, usiviite upuuzi kabla hujakaa navyo. Kuna mtu alivitengeneza, na pengine jina lake halipo tena, lakini kazi yake inaendelea kukulea bila wewe kujua. Kama kwenu bado yupo mzee, iwe Marui kule Kisarawe, iwe Janga huku Kibaha, nenda ukamwombe wimbo mmoja. Usiurekodi ukaondoka zako. Kaa chini, uimbe naye, akukosoe, uudhike, urudie. Siku ya shida, alichokukosoa ndicho kitakachokuja chenyewe. Na ukifika mahali pa kunyamaza, nyamaza.

Mungu akujalie mikono iliyotulia, mwanangu, na kifua ambacho mtoto atapenda kukisikiliza. Na siku utakayoishiwa pumzi katikati ya wimbo, asikose mtu wa kukumalizia.