Mwisho wa Insha ya Kidoti

Jina la Mwalimu Rudia hakulitunga mtu mmoja. Alipewa na darasa zima, kisha darasa lililofuata likalirithi, mpaka hata mwalimu mkuu akawa anateleza ulimi na kumwita hivyo mbele ya wageni. Mwenyewe hakujali. "Afadhali Rudia kuliko Fimbo," alikuwa akisema.

Ukiingia darasani kwake ungedhani umeingia uani kwa watu siku ya kufua. Kamba ilipita kutoka mlangoni hadi dirisha la mwisho, na juu yake insha za watoto zilining'inia kwa vibanio vya nguo. Wala hazikuwa insha safi. Zilikuwa zimekatwakatwa, zimechorwa mishale, zimeongezwa maneno pembeni mpaka karatasi zikakosa pa kupumulia. Ufutio ulikuwa marufuku. Aliyekosea alipiga mstari mmoja tu juu ya neno, ili bado lisomeke. "Neno ulilolifukuza leo," aliwaambia, "kesho unaweza kulipigia magoti lirudi." Kila mtoto alipoiandika insha yake upya, aliisogeza mwenyewe hatua moja kuelekea dirishani. Wengine walifika upesi, wengine walikaa mlangoni mpaka karatasi ikashika vumbi, na hakuna aliyechekwa. Aliyesusa, mwalimu alimfuata, akajibana kwenye dawati lake dogo magoti yakigonga ubao, akamuuliza swali lake la siku zote: "Umejuaje?"

Mtoto ameandika kwamba bibi yake ana huruma. Umejuaje? Mtoto atakuna kichwa, atatazama dari, halafu atakumbuka kwamba bibi humwachia paka nusu ya mto wake. Basi, mjukuu wa watu, andika hilo.

Katika darasa hilo alikuwemo msichana waliyemwita Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni. Kusema kulikuwa kazi kwake. Ukimsalimia alikujibu kama anayekukopesha. Lakini mpe penseli umwone. Mwalimu hatakiwi kupendelea, na huyu alimpendelea, tusifichane. Kidoti alikuwa akiandika insha juu ya baba yake, aliyekwenda mbali kutafuta kazi, akapiga simu mara kwa mara, kisha mara moja moja, kisha kimya. Aliiandika na kuiandika tena, akaisogeza kambani mpaka dirishani. Mwisho wake ulisema: "Baba hajaja. Nimechoka kumngoja."

Siku ya wazazi ikakaribia. Mwalimu Rudia alikaa peke yake darasani akinakili insha bora kwenye karatasi nzuri za kusomwa mbele ya watu. Alipofika kwenye mwisho ule, akamwona mama yake Kidoti akilini, mwanamke mpole aliyefanya usafi hospitalini, akiyasikia maneno hayo kati ya majirani. Mkono wake, uliozoea kuuliza, siku hiyo ukajibu. Akaandika: "Lakini najua siku moja mlango utagongwa, na nyumba yetu itacheka tena." Sentensi tamu, huwezi kuikatalia. Kasoro yake moja tu: haikuwa ya mtoto.

Kidoti alisoma vizuri mpaka pale. Akaitazama karatasi, akamtazama mwalimu, kisha akasoma vilevile ilivyoandikwa. Watu wakapiga makofi. Mama mtu akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Tangu siku hiyo Kidoti akaacha kuandika. Karatasi alileta, tena safi kama sahani iliyooshwa, ila maneno aliyanakili kutoka kitabu cha kiada. Mwalimu akiuliza amejuaje, alijibu, "Imeandikwa kitabuni." Kambani hakusogeza kitu. Mwalimu alijaribu kumbembeleza, akajaribu kumtania, akajaribu kujitia hamnazo. Wapi! Akaanza kuogopa kwamba penseli ile ndiyo imekufa, na kwamba aliyeiua anamjua.

Mwishowe, wenzake walipotoka kwenda kucheza, akajibana kwenye dawati la Kidoti.

"Mwanangu, mbona huandiki?"

"Nikiandika, mwisho si utaandika wewe, mwalimu?"

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayetaja zamu ya kufagia, na ndiyo maana ilimchoma mwalimu zaidi.

"Nilikukosea," akasema. "Nilimwonea huruma mama yako. Sikutaka aumie mbele za watu."

Kidoti alichezea kona ya daftari. "Tulipofika nyumbani alinishika mikono. Akaniuliza, baba amekupigia simu? Nikamwambia hapana. Akasema usinifiche, mwanangu, nimekusikia ukisema unajua."

Mwalimu Rudia alifunika uso. Alikuwa mtu mzima mwenye nywele za mvi, na alilia bila kugeuka pembeni. Halafu alikwenda kabatini, akaileta ile karatasi nzuri, akampa mtoto penseli. "Pale nilipoharibu, kata."

Kidoti alipiga mstari mmoja juu ya sentensi tamu, polepole, kama walivyofundishwa. Kisha akaikunja ile karatasi na kuondoka nayo.

Kesho yake alileta mwisho mpya: "Baba hajaja. Nina hasira." Mwalimu akauliza kwa woga, "Umejuaje?" Mtoto akachukua karatasi yake akaenda. Akarudi na mwisho mwingine, ukiwa na hasira kidogo na habari za mama nyingi. Mwalimu akauliza tena. Kidoti akanuna, akasema ameishiwa, akakaa na kununa kwake hadi jioni, na mwalimu akajizuia asimsaidie hata kwa neno moja. Kuteleza si kuanguka, lakini yeye hakutaka kuteleza pale pale mara ya pili.

Wiki ilipokuwa inaisha, Kidoti alimwekea karatasi mezani na kusimama kando. Chini kabisa, baada ya mistari mingi iliyokatwa, ilisomeka: "Baba hajaja. Mama bado anampakulia chakula na kukifunika. Asubuhi, kabla ya shule, mimi ndiye ninayekila. Mama ananiangalia mpaka nimalize."

Mwalimu alisoma, akarudia kusoma. Safari hii hakuuliza amejuaje.

"Mama ameuona?"

"Nimemsomea jana. Akasema leo tutapika cha watu wawili."

Mwalimu alitaka kumkumbatia, akamshika bega tu. "Basi mwanangu, tuiache hivi hivi. Imekamilika."

Kidoti aliinama juu ya karatasi, akakunja uso, akaivuta taratibu kutoka mikononi mwa mwalimu.

"Bado," akasema. "Hapa sasa si kweli tena. Nipe penseli."