Konveta Iliyogonga Mara Mbili

Pale gereji walimwita Klachi, jina alilolipenda kuliko lile la kuzaliwa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akitengeneza gia za mkono za magari madogo ya mashindano, na ya otomatiki aliyaita viti vya wagonjwa.

Basi daktari wa meno, mteja wake wa miaka tisa, akaumia goti la kushoto. Kukanyaga klachi hawezi tena, na Jumamosi kuna mashindano ya kupanda mlima. Akauliza kama kigari chake cha injini ndogo kinaweza kufungwa otomatiki. Klachi alicheka mpaka akakohoa. Mdogo wake wa kike, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika spana, hakucheka.

"Inawezekana, daktari. Niachie mimi."

Hapo ndipo roho ilipoanza kumchoma kaka mtu. Kila siku daktari alikuja na maswali, na kila siku mdogo mtu alimwonyesha konveta, lile bakuli zito la chuma linalopitisha nguvu za injini kwenda kwenye gia kwa mzunguko wa mafuta.

"Injini ndogo ikizunguka polepole haina nguvu," alieleza. "Konveta ya kawaida ingeishika mapema mno, gari likajikokota. Hii nimeilegeza kidogo. Injini inapanda kwanza, ikishapata nguvu ndipo gari linachomoka."

Daktari aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Klachi alikuwa pembeni akijifanya anatafuta nati. Mdogo wake alipotoka kununua mafuta, Klachi alifungua kitabu cha mdogo wake cha otomatiki akakisoma harakaharaka, ukurasa kwa ukurasa. Heri afe kuliko kukutwa nacho.

Alhamisi ikawa siku ya kufunga. Konveta haichomekwi tu. Unaizungusha huku unaisukuma, nayo inagonga mara tatu ikizama ndani ya pampu ya giaboksi. Isipozama yote, ukikaza boliti unaiponda pampu. Klachi alishika giaboksi. Mdogo wake alisukuma huku akiongea na daktari kwa simu aliyoibana begani, wakicheka. Konveta ikagonga mara moja, ikagonga mara ya pili. Klachi alisubiri ya tatu. Haikuja.

"Imekaa eeh, kaka?"

"Si wewe ndiye fundi wa otomatiki?"

Mdogo wake akacheka, akaona ni utani wa kila siku. Wakapandisha giaboksi, akaanza kukaza boliti. Klachi alijitia hamnazo, akampa spana moja baada ya nyingine. Gari lilipowashwa lilipiga ukelele, mafuta yakamwagika sakafuni, na likagoma kusogea. Mji mzima haukuwa na pampu ya aina ile. Jumamosi ilikuwa imekwenda na maji.

Daktari alifika Ijumaa, uso umemshuka.

"Kosa ni langu," mdogo mtu alisema. "Konveta haikuzama nami sikusikiliza. Usimlaumu kaka, yeye alishika tu. Hizi gia hazijui, masikini."

Daktari akamtazama Klachi kwa huruma. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini lile neno masikini lilimwingia kuliko tusi, na mbele ya mteja wake!

"Nani hazijui?" alifoka. "Inatakiwa igonge tatu. Iligonga mbili. Nilihesabu!"

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, yalikuwa yameshatoka. Mdogo wake alifuta mikono kwa kitambaa, polepole.

"Ulihesabu, ukanyamaza."

"Nilikuonea wivu," alisema Klachi.

Daktari akaangalia viatu vyake.

"Pampu ikija utaifunga wewe," mdogo wake alisema hatimaye. "Daktari atakuwepo. Na mimi nitasimama palepale uliposimama wewe, nikupe spana."