Hesabu Hufundishwa Asubuhi

Sogea karibu nikusimulie, hasa kama nawe ulisomea darasa la sakafu ya vumbi na unaijua ladha ya chaki.

Enzi zetu kule kijijini Kola, kiangazi tulikisikia kabla ya kukiona: mitungi mitupu ikigongana migongoni mwetu wasichana, tukishuka mtoni alfajiri. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Tulichimba shimo, tukangoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Ukiwa na haraka, unateka matope. Kisha tulipanda mlima, kamba ya mtungi ikitubana paji la uso. Mtoto wa siku hizi basi la shule linampigia honi mlangoni, naye bado anauliza soksi iko wapi.

Wavulana walikuwa wameshakunywa uji, wameshaketi. Mwalimu Mutua alianza siku kwa hesabu, akili zikiwa zimetulia. Sisi tulimkuta akifuta ubao. Nilizoea kuuona mkia wa somo, kichwa sikuwahi kukiona. Basi kila muhula wasichana tulianguka hesabu, na kijiji kizima kilijua sababu: kichwa cha msichana hakishiki hesabu. Hata mimi niliamini. Saa sita tulikula muthokoi baridi kwenye mikebe, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tukacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira wa matambara, wala hatukuona jambo la kuuliza.

Nikiwa darasa la saba, mwalimu alimwambia mama kwamba nikianguka tena nitarudia darasa. Na baba alikuwa ameshasema kwamba hasomeshi mtoto darasa moja mara mbili. Kurudia ndiko kungekuwa mwisho wangu wa shule.

Mama hakunigombeza. Alipepeta maharagwe jioni nzima. Kesho yake ilikuwa siku ya mwethya, kile kikundi cha akina mama waliochimbiana matuta ya shamba kwa zamu. Alipofika aliweka jembe chini.

"Niko na neno. Hesabu inafundishwa asubuhi. Asubuhi wasichana wetu wako wapi?"

"Si mtoni?" akajibu Mama Kioko, jirani yetu mwenye mdomo. "Ama unataka mwalimu awafuate huko na ubao?"

Wakacheka. Mama akangoja wamalize.

"Tunachimbiana matuta kwa zamu. Maji ndiyo hatuwezi kutekeana?"

"Mimi niko na wavulana watupu," akasema Mama Kioko. "Nitapata nini?"

"Siku isiyo zamu yako, nawe utatekewa. Na wavulana pia wako na migongo. Jumamosi walete mtoni."

Mama Kioko akashika kiuno kwa kicheko. "Haya, tuteke. Lakini huyu wako akianguka tena, atanitekea mimi mpaka aolewe."

Jumatatu akina mama wa zamu walishuka mtoni, nami nikakaa darasani sakafu ikiwa imenyunyizwa maji, ikinuka kama mvua. Mwalimu Mutua akaandika mstari wa kwanza ubaoni, nami nikauona. Kila kitu kilichofuata kilitoka kwenye mstari ule. Kumbe hesabu huwa na mwanzo.

Muhula ulipoisha nilipita. Sikuwa wa kwanza, nilipita tu. Mama Kioko alikuja nyumbani na kuku kwapani, akamwambia mama, "Umeniharibia. Sasa nitamtuma nani maji?"

Leo nafundisha hesabu mjini Machakos. Shule ile ya Kola iko na tangi kubwa, na watoto wanabonyeza vioo vya kompyuta ndogo ambavyo sisi tungevidhani uchawi. Nafurahi. Ila mwethya umepungua; kila mtu na mfereji wake, kila mtu na geti lake. Na duniani kote watoto bado hupewa mtihani mmoja, lakini hawapewi asubuhi moja. Kuna anayeamkia kitabu, na kuna anayeamkia mtungi. Jambo hili linarekebishika. Mimi nililiona likirekebishwa na wanawake wenye majembe, kabla jua halijawa kali.

Basi kesho, ukikutana na mtoto wa jirani amebeba mtungi saa ya shule, mpokee mtungi huo, umwambie awahi darasani.