Madam Nakiru na Mchezo Wetu wa Chechelesi

Mpaka saa hii mkono wangu unakataa kuandika neno marehemu mbele ya jina la Nakiru.

Jumanne nikitoka darasani nilipata missed call ya dada yake. Nilijua kabla sijapiga. Woi, Nakiru!

Wengi wenu mlimjua kama Madam wa Kiswahili. Mimi meza yangu ilikuwa kando ya yake kwenye staffroom, tangu shule yetu ya kutwa ilipofunguliwa huku pembeni mwa mtaa wa Chechelesi. Kaunti zilikuwa bado changa, na sisi pia. Madarasa yalinuka rangi. Uwanja ulikuwa mawe na miiba.

Mkutano wa kwanza, principal aliuliza nani atachukua klabu gani. Mimi nikasema hesabu. Mwingine mpira. Nakiru akainua mkono: "Drama."

Deputy akacheka. "Madam, hata hall hatuna."

"Watoto si tunao?"

Basi drama ikaanza nyuma ya tangi la maji, palipokuwa na kivuli. Kivuli kikisogea, klabu nzima inasogea nacho.

Mchezo aliuandika mwenyewe. Mama wa Kiturkana anamsubiri mwanawe aliyeenda na mifugo, na kila anayepita anamuuliza kama amemwona. Sehemu ya mama akampa Halima, msichana wa Kiborana wa Form Two. Ekal, kijana wa Kiturkana, akawa mzee wa Kiborana anayepita njiani.

Mazoezi yalikuwa kicheko tupu! Halima anamsahihisha Ekal salamu za Kiborana, Ekal anamfunza Halima kutembea na mtungi kichwani. Mimi nilikuwa naacha kusahihisha vitabu niende kuwatazama.

Halafu mifugo ikaibiwa huko malishoni, watu wakafa pande zote mbili, Waborana na Waturkana. Wiki hiyo wanafunzi waliketi mafungumafungu, kila mmoja na wa kwao. Hata kwenye laini ya chakula.

Babake Halima, Mzee Guyo, akaja shuleni. Alitoa salaam aleikum kwa heshima, akasema binti yake hataendelea na huo mchezo.

"Nimekusikia, mzee," Nakiru akamwambia. "Lakini nafasi yake sitampa mtu mwingine."

Siku iliyofuata, games time, hakuna mwanafunzi aliyetokea mazoezini. Nakiru akaingia darasa tupu, akafungua madirisha yote, akaanza kuigiza peke yake. Mama yeye, mzee yeye, hata mbuzi yeye. Na jamani, Nakiru hakuwa mwigizaji! Sauti ya mzee ilitoka kama ya mtu mwenye mafua.

Kesho yake akarudia. Na kesho yake tena. Watoto wakaanza kusimama nje ya madirisha wakicheka, huku Waborana, kule Waturkana, Wasomali na Wameru katikati.

Siku moja Halima akashindwa kuvumilia. "Madam, si hivyo! Mama hawezi kuuliza haraka hivyo. Anaogopa jibu."

Nakiru akamgeukia. "Basi ingia unionyeshe."

Akaingia. Ekal akamfuata, akasimama pahali pake bila kuambiwa. Hakuna aliyecheka tena.

Jioni hiyo Nakiru alimsindikiza Halima mpaka kwao, maana hakutaka mtoto amfiche babake. Mzee Guyo hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliwapa chai ya maziwa tu, wakanywa, na kesho yake Halima akaja mazoezini.

Siku ya mashindano tulicheza kwenye hall ya shule nyingine. Halima alipouliza kwa mara ya mwisho, "Hujamwona mwanangu?", watu wengi ukumbini walijipangusa macho. Hatukuwa wa kwanza, tulikuwa wa pili, lakini tulipiga vigelegele kama tumeshinda nchi nzima.

Nje, Mzee Guyo alikuwa anatungoja. Sikujua hata kama alikuja.

"Mwalimu," akamwambia Nakiru, "huyo mama ambaye binti yangu alikuwa anamwiga, ni mtu wa kweli?"

"Ni mamangu, mzee. Na huyo mwana ni kaka yangu. Hakurudi."

Mzee alisogea karibu naye. Halafu akasema, "Mpelekee mama pole yangu. Mwambie imetoka kwa Guyo, Mborana, baba ya watoto."

Muda wote tuliokaa meza kando kwa kando, Nakiru hakuwa ameniambia habari ya kaka yake. Nilimkuta nyuma ya ukumbi akilia, makeup imeharibika yote. "Kendi," akaniambia, "hii ndiyo pole ya kwanza tumewahi kupata kutoka upande ule."

Baadaye shule ikakua. Tukapata hall, kwaya, scouts, na debate ambayo ilimaliza sauti za watu. Drama ilibaki ya Nakiru, hata figo zilipoanza kumsumbua na akawa anafundisha akiwa ameketi.

Mwezi uliopita nilienda kumwona hospitalini. Akaniuliza nani ameachiwa klabu.

"Mimi."

"Wewe wa hesabu? Woi, watoto wangu wameisha!" Tukacheka mpaka nurse akatufukuza.

Nakiru, sijui kesho nitaketije kwenye hiyo staffroom. Sijui nikitoka kazini nimechoka nitampigia nani, tuwasengenye watu kidogo halafu tuwaombee. Ulinifanya nipende shule ambayo nilipanga kuomba transfer mwaka wa kwanza tu. Sikukushukuru vizuri, kwa sababu nilidhani tutazeeka wote hapo.

Asante, dada yangu. Umefanya kazi. Lala sasa, lala kwa amani.