Dani Alivyoisimamisha Fidla

Juzi binti yangu alipiga fidla katika ukumbi mmoja mjini Kisumu, na watu wakamsikiliza kimya. Nikamkumbuka dani, nyanya yangu.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, ukumbi wa kanisa pale Nyalenda ulinuka vumbi lililonyeshewa na samaki wa omena walioanikwa na jirani. Mwalimu wa okestra yetu alikuwa ametuonya kwamba wageni wamekuja kuamua kama tutaendelea kuazimwa ala, kwa hiyo asisikike mtu wakati mwingine anapopiga. Nilianza kipande changu, kidevu juu ya fidla. Nikiwa katikati nikamwona dani amesimama, mkono juu, leso ikimteleza begani.

"Simamisha hiyo kitu kwanza."

Upinde ukakwama. Mwalimu akafumba macho. Nilidhani dani, aliyezoea nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo inayopigwa na wanaume, amekuja kunitoa pale mbele ya watu.

Akawageukia wageni. "Huyu mnaona ni wa Muhoroni. Babake alikata miwa mpaka mgongo ikaisha. Sasa oneni mkono ya mtoto wake." Kisha akanitazama. "Endelea sasa, mama."

Niliendelea huku nikilia kwa aibu. Ala hatukunyang'anywa, lakini kwa siku kadhaa sikumsemesha dani. Sikujua kwamba kwao wapenzi wa nyatiti, mpigaji akikuingia moyoni humwachi amalize hivi hivi. Unamsimamisha, unamsifu, ndipo aendelee.

Juzi mkono wangu uliinuka ukafika begani. Nikaurudisha mapajani, na binti yangu akamaliza wimbo wote bila kusimamishwa na mtu.