Nguruwe Mia kwa Soksi

Kila mapumziko, dereva wa basi namba nane hapa Oulu, Ufini, husukuma pembeni supu yake ya samaki na kufungua kompyuta, na Tuulikki, mwenzake wa zamu, humsikia akisonya. Wiki tatu amewinda nguruwe katika mchezo wa mtandaoni na bado yuko ngazi ya tisa. Binti yake aliyehamia Bergen, Norwe, yuko ya sitini. Kundi la binti mchezoni, analotaka kujiunga nalo, halipokei wa chini ya thelathini.

"Nguruwe mia, napewa soksi! Soksi, Tuulikki!"

"Si uache, ule?"

"Siachi!"

Leo binti akapiga simu. "Baba, nimeanza upya, ngazi ya kwanza. Nisubiri kwenye geti la kuanzia mchezo."

Dereva akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Haya, njoo," akafoka. "Ila safari hii usinitangulie."