Mama Kufuli Afungua Kabati

Jina la Mama Kufuli alilipata kazini, kwenye duka la dawa, na alilipata kihalali. Siku alipofundishwa habari za dawa zinazodhibitiwa, yaani zile zinazokaa kwenye kabati lenye kufuli na hazitoki bila cheti cha daktari kwa sababu watu huzizoea hadi wakashindwa kuziacha, alirudi kwenye rafu akaanza kusomba. Mfamasia aliporejea kutoka benki alikuta kabati limefura. Ndani mlikuwa na dawa za moyo, za kifafa, matone ya vitamini ya watoto wachanga, na pipi za koo.

"Dada, pipi zimefanya nini tena?"

"Zina harufu kali, Daktari. Nikaona bora tahadhari."

Kicheko cha mfamasia kilimfikia fundi viatu wa jirani, na jina likatoka huko.

Zamani alikuwa msusi, kazi aliyoiacha mgongo ulipogoma. Duka la dawa alilipenda tangu siku ya kwanza: kaunta inayong'aa, watu wanaoingia wamekunja uso na kutoka wameukunjua. Lakini sasa mfamasia alikuwa mjamzito na likizo yake ilikuwa inakaribia. Mfamasia mwingine angemshikia nafasi, naye angehitaji msaidizi anayezijua dawa za kabatini. Ama awe Mama Kufuli, ama aajiriwe mtu mpya, na yeye arudishwe kwenye sabuni na nepi, upande wa duka anaouita uhamishoni. Mtihani ungeamua.

Nyumbani mumewe, dereva wa lori, alijitolea kuwa mteja msumbufu. Hakuhitaji mazoezi.

"Sista, nipatie ile dawa ya kikohozi inayolaza."

"Hiyo ina kodeini. Cheti kiko wapi?"

"Si nimekuoa? Hicho si cheti?"

"Cheti cha ndoa hakitoi kodeini, baba. Anayefuata!"

Wifi yake, aliyekuwa anakunja nguo, alicheka hadi akakunja shati moja mara mbili.

Asubuhi ya mtihani, kabla mlango haujafunguliwa, mfamasia alimwaga maboksi na chupa juu ya kaunta. "Za kabatini kulia kwako, nyingine kushoto. Na tafadhali, usiniwekee kila kinachokutisha. Mgonjwa asiyepata dawa yake naye ni kosa letu."

Mofini ilikwenda kulia bila maswali. Diazepamu ikafuata. Chupa moja ya kikohozi ilikuwa na picha ya stroberi, nzuri kama juisi ya sherehe. Mama Kufuli hakuitazama picha. Aliigeuza, akasoma maandishi madogo ya pembeni, akaikuta kodeini. Kulia.

Kisha akashika insulini, na mkono ukasimama hewani.

"Hii ikitumiwa vibaya inaua," alisema.

"Inaua."

Mkono ukaelekea kulia, ukasita, ukarudi.

"Lakini hakuna anayeifuata kwa ulevi. Mwenye sukari anaihitaji, basi. Hii ni ya friji."

Mfamasia alisubiri hadi dawa za kifafa alizozoea kuzitilia shaka zigawanywe moja moja kwa kusomwa, phenobarbital, inayozoeleka, kulia, carbamazepine kushoto, ndipo akamtupia funguo. Mama Kufuli alizidaka, akapiga kigelegele kilichomtoa fundi viatu nje na nyundo mkononi.

"Kuna mwizi?"

"Kuna msaidizi mpya wa kabati!" mfamasia akamjibu.

Mteja wa kwanza alikuwa binti wa mzee anayeugua saratani. Alikuwa na cheti cha mofini. Mama Kufuli alikisoma chote, jina, kipimo, sahihi, mhuri, akafungua kabati na kumwonyesha mfamasia chupa. Mfamasia akaikagua, akaitikia kwa kichwa.

"Baba ameamkaje?"

"Safari hii amelala usiku kucha, mama. Ameamka anauliza nani kaula mkate wake."

"Nani kaula?"

"Mimi."

"Basi mpelekee dawa, halafu kimbia!"

Mfamasia alishika tumbo akawasihi waache, maana wakiendelea hivi mtoto atazaliwa hapo hapo kauntani.